Kabla ya Kuweka Jiwe Jingine la Msingi

Vyuo vikuu kadhaa vya upande wetu huu wa magharibi mwa Kenya vilianzia katika majengo yaliyojengwa kwa kazi nyingine. Maseno ulizaliwa mwaka 1990 kwa kuunganisha Chuo cha Ualimu cha Siriba na taasisi ya serikali ya kuwafunza watumishi wa umma. Masinde Muliro, kule Kakamega, kilianza mwaka 1972 kikijulikana kama WECO, kifupi cha Western College. Jaramogi Oginga Odinga, Bondo, kiliingia palipokuwa chuo cha walimu. Na Egerton, Njoro, ilifungua milango mwaka 1939 ikiwa shule ya kilimo. Pamoja na historia hiyo, bado tunachora ramani kana kwamba kila chumba kitafanya kazi ileile mpaka siku kitakapobomolewa. Rai yangu ni kwamba chuo chenye majengo ya zamani yaliyo imara kiyakarabati kwanza, na kikilazimika kujenga upya, kijenge kwa namna ambayo watakaokuja wataweza kubadilisha matumizi bila kuvunja.

Kuna chuo kimoja, nisingependa kukitaja, ambacho kiligeuza maabara ya kemia kuwa chumba cha kompyuta. Meza za maabara hiyo zilikuwa za zege, zimeshikana na sakafu, na katikati ya kila meza palikuwa na sinki na bomba la gesi. Kuzivunja kungeharibu sakafu pamoja na mabomba yanayopita kwenye dari ya ghorofa ya chini, kwa hiyo sinki zilifunikwa kwa plaiwudi, kompyuta zikapangwa juu yake, na wanafunzi huketi upande upande kwa sababu magoti hayana pa kuingia. Siwalaumu waliogeuza chumba, kwa kuwa hawakuachiwa njia nyingine. Mchoraji wa awali angeweka meza za mbao zilizofungwa kwa bolti, na mabomba akayapitisha wazi ukutani badala ya kuyazika, kazi hiyo ingemalizwa na mafundi wachache wenye spana.

Jengo halichakai lote kwa mwendo mmoja. Nguzo na mihimili ya zege iliyojengwa vizuri hudumu miongo mingi, mabati huhitaji kubadilishwa mapema zaidi, na nyaya za umeme na za intaneti hupitwa na wakati hata kabla ya rangi ya ukuta kuchujuka. Ndiyo maana napendelea jengo ambalo uzito wake hubebwa na nguzo peke yake, huku kuta za ndani zikiwa za kugawa vyumba tu, ili ofisi nne ziweze kuwa darasa moja mwaka ambao wanafunzi wameongezeka. Kimo cha ghorofa nacho kiangaliwe mapema: bweni lenye dari ya chini haliwezi kuja kuwa ukumbi wa mihadhara, hata kwa fedha nyingi kiasi gani.

Hali ya hewa yetu yenyewe inatuelekeza. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba, nalo huwa juu kiasi kwamba upenu wa wastani hutosha kukinga madirisha ya pande hizo mbili. Joto linalotutesa huingia kupitia paa, na kupitia kuta za mashariki na magharibi asubuhi na jioni. Licha ya hayo, mtindo ulioshika kasi ni kulifunika jengo zima kwa vioo na kisha kununua viyoyozi, gharama ambayo chuo kinachodaiwa na wauzaji wa chakula hakipaswi hata kuiota. Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya usanifu ya Pritzker mwaka 2022, alijenga kampasi ya teknolojia huko Turkana yenye minara mirefu inayotoa hewa ya moto juu, mfano wa vichuguu vya mchwa. Sisi hatuhitaji hata minara: dari yenye tabaka la kuzuia joto chini ya mabati, pamoja na matundu ya hewa juu ya madirisha, yangeanza kuleta nafuu. Dari hiyo ingesaidia jambo jingine linalojulikana na kila aliyefundisha Kakamega, yaani mvua ya alasiri inayopiga mabati kwa kishindo hadi mhadhiri anaweka chaki chini na kungoja.

Mvua hiyohiyo ni mali. Paa la mita za mraba 500 linalopata milimita 1,500 kwa mwaka, kiwango ambacho Kakamega hukipita, hupokea lita 750,000. Huko Nakuru, ambako maji mengi ya visima yana floraidi nyingi inayotia meno madoa, mifereji na matangi yangepaswa kuwamo katika kila bajeti ya ukarabati.

Nakiri kwamba ukarabati una mipaka. Jengo lenye msingi uliopasuka linaweza kula fedha kuliko jipya, na paa la asbesto haliondolewi na kibarua mwenye nyundo, kwa kuwa vumbi lake huua. Hata hivyo uzalishaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na nguzo ambazo tayari zimesimama hazihitaji mfuko hata mmoja.

Kitu cha kwanza ambacho ningekidai kwa wasimamizi wa vyuo hakigharimu saruji wala mabati: ramani za kila jengo kama lilivyojengwa kweli, pamoja na picha za mabomba na nyaya zilizopigwa kabla ya lipu kuzifunika, zihifadhiwe mahali ambapo fundi anaweza kuzipata bila barua tatu za maombi. Mkandarasi asiyezikabidhi asilipwe malipo ya mwisho.