Sifa Ziliniponza Raskazone

Zile mbao mbili za tela zinazobeba tumbo la boti zilikuwa zimeoza hata bisibisi ikizama kama kwenye boga. Aliyezifunga mwanzo alizizungushia zulia pande zote nne, maji ya chumvi yakiingia hayana pa kutokea. Boti ni ya faiba, futi 16, mashine ya farasi 40. Nikaiacha imetia nanga Raskazone, hapa Tanga, nikalivuta tela tupu hadi nyumbani Chumbageni.

Useremala wenyewe sikukosea, na hilo nalisema mapema. Nilichukua mbao mbili za paini iliyotiwa dawa, mbili kwa nne, futi 10. (Mvule ungedumu zaidi, ila bei yake ni ya kuposea.) Ubao lazima ufike hadi chini ya tezi, yaani nyuma ya boti, maana uzito wa mashine uko pale, ukiishia nusu futi kabla, faiba hupinda taratibu nawe huna habari. Nati za zamani zilikataa spana 17, nikazikata kwa grainda. Kisha nikalaza ubao wa zamani juu ya mpya, nikapata alama za matundu. Biti ya milimita 11 kutoboa, halafu kwa juu nikachimba tundu pana la milimita 25, kina 12, ili kichwa cha bolti na washa yake vizame. Kichwa kikichomoza, kila safari kinaichana faiba. Bolti nne kila ubao, milimita 10 kwa 65, za galvanaizi. Ncha nilizokata nikazipaka dawa upya, kwa sababu ubao huanzia hapo kunywa maji. Zulia la plastiki nikalipitisha juu na ubavuni tu, chini nikaacha wazi, nikalibana kwa pini za stenlesi. Za kawaida huota kutu upesi.

Akapita mzee mmoja, mchonga majahazi.

"Mwanangu, zulia kavu hilo litakutesa kuishua boti majini. Lilambishe sifa kidogo."

Sifa ni mafuta ya maini ya papa. Wenye vyombo huzipaka mbao za jahazi zisipasuke kwa jua. Mzee alisema kulambisha. Mimi nikanywesha, lita tatu nzima.

Jioni, maji yakiwa yamejaa, nikaenda kuipakia boti. Ilipanda juu ya tela kama nyoka anaingia shimoni. Nikajipongeza. Usiku paka wa Chumbageni wote walihamia uani kwangu, na nadhani na wa Ngamiani walipata habari. Jirani akaniuliza kupitia ukutani kama nimeanza biashara ya papa mkavu.

Asubuhi nikarudi ufukweni. Nina tabia moja: ndoana ya winchi, inayoishika boti kwenye tela, huifungua juu ya mteremko, nikiwa nchi kavu, nisiloweshe viatu. Kwa zulia kavu tabia hiyo huvumilika, zulia linaing'ang'ania boti mpaka maji yainyanyue tezi. Nikafungua, nikapanda pikapu, nikarudi nyuma. Karibu na maji nikakanyaga breki.

Gari likasimama. Tela likasimama. Boti ikaendelea.

Ilikita tezi kwenye zege, omo, yaani mbele yake, ikiwa bado imeegemea tela kama mlevi kwenye kaunta. Maji yalikuwa hatua kumi mbele. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi na sifa zangu hata majini sikufika.

Mashine nilikuwa nimeiinua, propela ikapona, ila mkuku, uti wa chini wa boti, ulichubuka kiganja kizima. Vijana wanane wa samaki wakaisukuma, wawili wakiteleza kwenye ukoga, wote wakinuka kama mimi. Mzee naye akatokea.

"Ulipaka ngapi, mwanangu?"

"Tatu."

"Vijiko?"

Zulia likang'olewa siku hiyo hiyo, mbao zikasuguliwa kwa sabuni, nikabana jipya, kavu. Ndoana sasa inafunguliwa tezi ikishaelea, viatu vilowe tu. La zamani nililitupa nyuma ya nyumba. Asubuhi halikuwepo, na paka pia hawakuwepo.