Sadyk Sher-Niyaz: mwongozaji au mpiga debe?

Kirgizia, huko Asia ya Kati, si nchi yenye fedha za kuchezea. Marais wawili waliondolewa kwa maandamano, 2005 na 2010, na mwaka huo wa pili damu ikamwagika mjini Osh, Wakirgizi na Wauzbeki walipouana. Hata hivyo serikali ilitoa zaidi ya dola milioni 1 kugharamia filamu moja, Kurmanjan Datka, iliyotoka 2014. Aliyeongoza ni Sadyk Sher-Niyaz, mwanzilishi wa kampuni ya Aitysh Film. Wapo wanaomtetea kama mwongozaji, na wapo wanaombeza kuwa ni mpiga debe tu.

Kurmanjan (1811–1907) alitawala Waalai, Wakirgizi wa milima ya kusini, wakati Urusi inaimeza nchi yao, na sura yake imo kwenye noti ya som 50, fedha ya huko. Mwaka 1895 Warusi walimnyonga mwanawe, Kamchybek. Simulizi zasema mama alikataa mwanawe aokolewe kwa nguvu, kwa kuhofia watu wake wangechinjwa. Filamu nzima inaegemea hapo: mama anamuaga mwana penye kitanzi, na hakuna anayechomoa upanga. Kwa watu waliotoka kuuana miaka minne tu nyuma, onyesho hilo halikuhitaji maelezo. Wanaomtetea Sher-Niyaz wana hoja nzito hapo.

Lakini sehemu kubwa iliyobaki ni farasi, milima na wahusika wanaoongea kana kwamba wapo jukwaani siku ya uhuru. Mwongozaji mwenzake wa Kirgizia, Aktan Arym Kubat, alichukua mtoto wa kijijini na picha nyingi zisizo na rangi akatengeneza Beshkempir (1998), iliyotuzwa Chui wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Locarno, Uswisi. Fedha za Kurmanjan Datka zingelisha Beshkempir kadhaa.

Kazi ya kunadi, hiyo Sher-Niyaz anaiweza. Kurmanjan Datka ilipopelekwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, hata nyota wa Hollywood Sharon Stone alijitokeza Los Angeles kuipigia debe. Haikuingia tano bora. Walioingia ni pamoja na Estonia, kwa kisa cha wazee wawili na shamba la machenza, na Mauritania, kwa Timbuktu ya Abderrahmane Sissako. Zote mbili zinazungumzia vita, lakini hazina majeshi ya kujaza skrini. Kama lengo lilikuwa Hollywood, hesabu ilikosewa tangu kwenye muswada.

Ila nawauliza wanaombeza: hizo filamu ndogo zinatazamwa na nani? Beshkempir ilitengenezwa kwa ubia na Wafaransa, na sifa zake nyingi zilitoka ughaibuni. Arym Kubat mwenyewe, kwenye Centaur (2017), anaonyesha kijiji ambacho jumba lake la sinema limegeuzwa msikiti, na aliyekuwa akiendesha mashine ya filamu hana tena kazi hiyo. Mtu wa kuwarudisha watazamaji kwenye viti anahitajika, na aina ya Sher-Niyaz ndiyo inayojua kubisha hodi ikulu na kufunguliwa. Mimi ningemwachia kazi hiyo ya kutafuta fedha na kujaza kumbi, kisha kamera apewe mwingine.