Vituo vya Redio ya Babu

Redio ya babu iligawanywa kabla haijauzwa. Shekhe alikaa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, akahesabu kwa vidole: watoto wa kiume wawili, wa kike mmoja, mke alishatangulia mbele ya haki. Mafungu matano. Baba mawili, baba mdogo mawili, shangazi moja. Vyombo vingine havikuleta neno. Redio ndiyo iliyoleta, maana shangazi alitaka fungu lake liwe lile jicho la kijani linalowaka mbele, na alikwishaenda kuazima bisibisi. Ikaamuliwa iuzwe, wagawane pesa, na kazi nikapewa mimi kwa kuwa ni fundi.

Fundi simu. Betri ya simu ina volti 3.7. Ndani ya redio ile hupita volti 250, na hakuna aliyeniuliza kama hilo nalijua.

Kwamba ni Philips halikuhitaji fundi. Jina lilikuwa mbele, juu ya kitambaa cha spika. Lakini kusema unauza Philips ni kama kusema unauza baiskeli. Mnunuzi anataka namba ya toleo, na namba hiyo hukaa kwenye ubao wa nyuma. Ubao wetu ulikuwa wa kadibodi ngumu, na mchwa walikuwa wameusoma wote wakatubakizia herufi moja ya mwisho: A. Si haba. Kwa Philips za miaka ya 1950, A mwishoni ni redio ya umeme wa AC tu, yenye transfoma. B ni ya betri. U ni ya umeme wowote, AC au DC, na hiyo ndiyo ya kuogopwa: haina transfoma ya kuitenga na ukuta, chasisi yake, yaani fremu ya chuma, imeshikana na waya wa umeme. Ukiikuta U, plagi ikiwa ukutani usiguse hata skrubu ya nobu.

Ubao ukiliwa, soma valvu, vile vichupa vya kioo vinavyofanya kazi ndani ya redio. Majina yake ni sentensi kamili kwa anayejua kusoma. Herufi ya kwanza ni umeme wa kupashia moto: E ni volti 6.3, U ni miliampea 100 kwa mfululizo, D ni betri. Zinazofuata ni kazi: CH zikiwa pamoja ni za kuchanganya masafa, F kukuza, L kusukuma spika, Z kunyoosha umeme, M ni jicho. Tarakimu ya kwanza ni kitako: 4 ni cha pini nane zile fupi, 8 ni cha pini tisa. Yetu ilikuwa na ECH81, EF85, EBC81, EL84, EZ80 na EM80. Zote E, kwa hiyo transfoma ipo, na ile A haikuwa mabaki ya neno jingine. EL84 ilitoka mwaka 1953, basi redio haiwezi kuwa na umri zaidi ya hapo. Haikuwa na FM, ila mawimbi mafupi tele. Ndivyo zilivyotengenezwa za kuletwa huku kwetu. Babu alikuwa karani bandarini, na mwaka 1957 BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, baraza letu lilijaa watu hadi barabarani.

Kuyasoma majina yenyewe kulinigharimu. Valvu ya kwanza niliipangusa vumbi kwa pindo la shati, na jina likaja na vumbi. Maandishi yale ni kama unga tu juu ya kioo. Hapo ningepaswa kujifunza jambo kuhusu redio za zamani na vitambaa, lakini sikujifunza, na mtaona. Jina lililofifia hurudi ukiliweka kwenye baridi: valvu ikae kwenye friji, itolewe, iangaliwe kiubavu kwenye mwanga huku ukungu ukishika kioo. Basi nikazipanga zote sita kwenye friji la shangazi, kando ya jagi la juisi ya ukwaju.

Shangazi alifungua friji, akaona vichupa sita, kila kimoja na weupe wa fedha kichwani. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza jirani.

Kufikia laasiri dalali alikuwa mlangoni, na kitunguu saumu mfuko mmoja, pete ya dhahabu mfuko mwingine. Uvumi wa merikyuri, zebaki inayosemwa kuwa na thamani kubwa, mnaujua: iko ndani ya redio za kale, inakimbia kitunguu saumu, inaifuata dhahabu, na ukiiwekea kioo haionyeshi sura. Mwaka 2009 huko Saudia watu walipigania cherehani za Singer kwa uvumi huohuo, kwa hiyo Ngamiani tusijione wajinga peke yetu.

Nilimweleza. Weupe ule ni utando wa bariamu. Kiwandani, valvu ikishanyonywa hewa, kipande kidogo cha bariamu huchomwa ndani, kinaruka na kuganda kwenye kioo, na kazi yake ni kumeza hewa yoyote iliyobaki. Uking'aa, valvu ina uhai. Ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia, hiyo ni ya kutupa. Akaniitikia "naam, naam" kama mtu anayesikiliza tangazo la dawa ya mende, huku akiizungushia EF85 kitunguu.

"Imesogea," akasema.

"Umeisogeza kwa kiwiko."

Nilikwenda kumletea maji. Niliporudi ameshika koleo, na ile ncha ya kioo iliyo kileleni ameishaibana. Ikalia *fssst*, kidogo tu, kama soda iliyolala. Halafu, mbele ya macho yetu, fedha ikaanza kufifia toka kileleni kushuka chini, ikageuka maziwa.

"Imeruka!" akapiga kelele. "Kuna mtu humu hana udhu!"

Shangazi akanitazama mimi.

EF85 nyingine niliipata Makorora, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio enzi hizo, sasa anauza mkaa. Alikuwa nazo ndani ya kopo la maziwa ya unga, kila moja imevishwa soksi ya mtoto. Shilingi 10,000. Aliponiuliza naiwashaje redio iliyolala miaka thelathini, nikamwambia nachomeka. Akarudisha mkono wenye valvu mfukoni mpaka nilipomsikiliza.

Kwanza, nyuma kuna kichaguzi cha volti: 110, 125, 145, 200, 220, 245. Umeme wetu ni 230. Weka 245, redio ya kizee ipewe uji mwepesi. Pili, usichomeke moja kwa moja. Unga globu ya zamani, ile ya waya ndani, ya wati 100, kwa mfululizo na redio. Ikiwaka kwa nguvu halafu ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, chomoa kabla hujapoteza transfoma. Globu za LED hazifai kwa kazi hii. Tatu, kabla ya yote, ile kapasita ya mikrofaradi 0.01 inayoingia pini ya 2 ya EL84, badilisha bila kujadiliana nayo. Ikivuja, inapeleka chanya mahali pasipotakiwa chanya, EL84 inawaka nyekundu, na transfoma ya spika inaungua pamoja nayo. Mimi nilijadiliana nayo. Niliweka mita, pini ya 2 ikasoma volti 9 chanya pale panapotakiwa sifuri. Nikachomoa kwa haraka ambayo shangazi aliitafsiri kuwa nimerushwa, akaanza kusoma dua.

Nikaweka mpya ya volti 630. Kapasita kubwa za kuchuja umeme nazo zilikuwa zimekauka. Nikachukua za mikrofaradi 47, volti 400, kwenye mzoga wa televisheni. Usiongeze ukubwa ukidhani unaisaidia: ya kwanza baada ya EZ80 isizidi 50, la sivyo valvu inapigwa na mkondo kila unapowasha. Na ukizima, kapasita hizo hubaki na umeme. Zimalizie kwa rezista kabla hujatia mkono.

Magharibi ile jicho liliwaka kijani. Spika ikachemka kama mafuta ya vitumbua, halafu katika mawimbi mafupi ya mita 31 mtu akaanza kusoma kwa Kiarabu. Baba mdogo alisimama. Shangazi alilia. Na mimi nikapiga picha.

Picha za kuuzia redio ni hizi: mbele, nyuma bila ubao, valvu zikiwa mahali pake, chini ya chasisi, na kioo cha masafa kwa karibu. Yangu ya kioo ilikuwa mbaya, giza na vumbi. Hata hivyo siku ya tatu akapiga simu Mholanzi mmoja anayeishi Arusha, mkusanyaji, Kiswahili chake safi kuliko cha wateja wangu. Alitoa 350,000 bila mimi kusema bei. Kilichomvuta ni kwamba ameikuza picha ya kioo na katika majina ya vituo vya masafa ya kati ameona Hilversum.

"Mimi nimezaliwa Hilversum," akasema. "Nipigie hapo picha safi, nitatuma pesa kesho."

Majina yale kwetu hayakuwa na kazi yoyote. Hilversum ya masafa ya kati haijapata kusikika Ngamiani. Lakini mtu akitaka kulipia jina la kwao, wewe ni nani?

Nikakichomoa kioo. Nikachukua fulana kuukuu, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Sasa sikilizeni: maandishi yale yamepakwa upande wa ndani wa kioo, kwa rangi isiyopenda maji hata siku yake ya kwanza, sembuse baada ya miaka sitini. Upande wa nje futa utakavyo. Wa ndani ni brashi laini kavu, na ukiona rangi imeanza kujikunja kama magamba, hata brashi weka chini. Mimi nilifuta wa ndani. Pitisho la kwanza liliondoka na London na Paris. Nikadhani ni uchafu, nikakaza mkono. Nilipokiinua kwenye mwanga nilimwona paka wa jirani upande wa pili, vizuri kabisa, hadi masharubu.

Mholanzi akapiga jioni. Nikamwambia umeme umekatika.

Usiku huo nikapata wazo, na lingekuwa wazo zuri lingekaa kwangu. Kuna kijana huku mtaani anaandika mabango, anaandika hata milango ya vioo ya saluni, kwa hiyo anajua kuandika kinyume upande wa ndani ili isomeke nje. Kilichokosekana ni majina. Picha ilionyesha Hilversum tu. Mengine yalikuwa ukungu. Ila baba mdogo alikua mbele ya redio ile. Asubuhi, nikiwa nawahi kibandani Mgandini, nikamwambia:

"Baba mdogo, kijana akija mtajie vituo kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia. Kimoja ni Hilversum, usikisahau."

"Vituo?" akacheka. "Vituo mimi hata usingizini navitaja."

Baba mdogo alifanya kazi reli miaka thelathini na moja.

Niliporudi, kioo kilikuwa kimeshawekwa na taa inawaka nyuma yake. Sitamdhulumu kijana: mwandiko ulikuwa wa dhahabu, na kila herufi ina kivuli. Tanga. Pongwe. Muheza. Korogwe. Mombo. Hilversum. Mkomazi. Buiko. Same. Kahe. Moshi.

"Hiki chako sikukijua," baba mdogo akasema, akionyesha Hilversum kwa fimbo. "Nikadhani ni cha mashamba ya mkonge, kilifungwa kabla yangu. Hapo katikati ndipo palipokuwa na nafasi."

Kijana alitaka 15,000 yake.

Nilimpelekea Mholanzi picha, maana kudanganya zaidi ya hapo kungehitaji umeme ukatike mkoa mzima. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akapiga.

"Kwetu reli ipo," akasema, "lakini hatupakani na Mombo."

Redio hakuichukua. Kioo kisicho chake hakihesabiki kwa mkusanyaji, hata kikiandikwa vizuri namna gani, na hapo simlaumu. Lakini aliomba ile picha kwa ukubwa wake kamili, amtumie dada yake.

Aliyeinunua ni baba mdogo, kwa 50,000. Tukatoa gharama: valvu 10,000, kapasita 3,000, globu 2,000, kijana wa mabango 15,000. Zikabaki 20,000, na fungu likawa 4,000. Baba alichukua 8,000, shangazi 4,000, na baba mdogo akarudishiwa 8,000 ya pesa zake mwenyewe, akazikunja akazitia kofiani kama mtu aliyefanya biashara. Shangazi mpaka leo anasema jicho peke yake lingefika zaidi ya hapo.

Majuzi uzi unaovuta mshale wa vituo ulikatika. Baba mdogo hakunisubiri. Akafunga mshipi wa kuvulia. Mshipi wa nailoni unateleza kwenye ekseli ya nobu. Panatakiwa uzi wa kusukwa, mizunguko mitatu, na springi ya kuukaza. Nikamkuta barazani, redio inanguruma, mshale umesimama palepale kati ya Mombo na Mkomazi hata uzungushe nobu vipi. Nikatoa bisibisi.

"Usiiguse," akasema. "Inasubiri kupishana na inayotoka Moshi."