Mshauri nasaha akisema "huyu mpeni mwingine"

Kesi ya Julea Ward huwa inanirudia kila ukifufuka mjadala wa kama mshauri nasaha anaweza kumkataa mteja kwa sababu ya dini yake mshauri. Alikuwa anasomea ushauri nasaha Eastern Michigan University kule Marekani, mwaka 2009 akapangiwa mteja ambaye faili lake lilionyesha ana mahusiano ya jinsia moja, basi masaa mawili kabla ya miadi akamuuliza msimamizi wake, nimpokee au apewe mwenzangu? Maana imani yake haikumruhusu kuyaunga mkono mahusiano hayo. Mteja akapewa mwingine, Ward akafukuzwa. 2012 mahakama ya rufaa ikaona kesi yake inastahili kusikilizwa, mwisho chuo kikamlipa dola 75,000 yakaisha, na sera zake za mafunzo kikabaki nazo.

Wanaomtetea si wajinga. Dada wa watu hakumtukana mtu, aliuliza mapema, na mshauri anayejikaza huku moyo haupo mteja atamnusa tu.

Ila wengi wanadhani taaluma inamlazimisha mtu aache dini, na hapo ndipo nagoma. Maadili ya ACA, chama cha washauri nasaha Marekani, toleo la 2014, yanasema rufaa, yaani kumpeleka mteja kwa mshauri mwingine, ni pale unapokosa ujuzi, sio pale maadili yako binafsi yanapogongana na ya mteja. Amini unachoamini, ila usimfanye mteja alipe gharama yake. Jimbo la Tennessee wakaja na sheria yao 2016, mshauri aruhusiwe kukataa, mradi mteja hayupo kwenye hatari ya haraka ya kujidhuru au kudhuru wengine (ACA wakakasirika hadi wakahamisha mkutano wao wa 2017 kutoka Nashville, mji mkuu wa jimbo hilo). Sasa niambie, hiyo hatari utaijuaje kama hujakaa naye chini? Mtu haji na bango kifuani.

Kuna namba moja hainitoki. Mtafiti Caitlin Ryan na wenzake, 2009, waliwauliza vijana 224 wa LGB (wasagaji, mashoga na wanaopenda jinsia zote mbili), na wale waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema waliwahi kujaribu kujiua kuliko wenzao waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa kabisa. 8.4! Sawa, najua, ni familia sio washauri, walikuwa wanakumbuka ya nyuma, na hapo huwezi kusema moja kwa moja kipi kimesababisha kipi, kwa hiyo asije mtu akasema rufaa moja inaua. Lakini fikiria anayegonga mlango wa mshauri ametoka kwenye nyumba ya aina gani. Kwako wewe ni utaratibu wa ofisi, kwake ni mtu mzima mwingine tena amemwambia sikutaki.

Na shuleni ndio kabisa. Mwanafunzi haanzi na ukweli, anaanza na "nina rafiki yangu ana shida", macho yapo kwenye zipu ya begi, anaifungua anaifunga, anasubiri uso wako utafanya nini. Chama cha washauri wa shule Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi hazifiki hata hapo, yaani mshauri mara nyingi ni huyo huyo mmoja. Ukimpa rufaa, anaenda mlango gani?