Ukili, jembe na daftari: kazi za mikono katika shule ya msingi ya zamani

Mtaala mpya wa elimu ya msingi ulipoanza kutumika Tanzania mwezi Januari 2024, na kabla yake Mtaala wa Umilisi (CBC) ulipoingia katika shule za Kenya, yalizuka tena mazungumzo ambayo watu wa umri wangu tumeyasikia tangu utotoni. Wako wanaosema kwamba shule ya zamani ilimfundisha mtoto kazi, kwa sababu alitoka darasa la saba akijua kusuka ukili wa mkeka, kufinyanga chungu, kutia mpini jembe na kufuma kitambaa kwa kroshia. Wako pia wanaoikumbuka shule hiyo hiyo kuwa mahali ambapo mtoto alilima shamba ambalo mavuno yake hakuyaona. Pande zote mbili zinasema kweli, na ugumu wa jambo hili unaanzia hapo.

Tuanze na kilichokuwa kikifanyika darasani, maana mara nyingi mjadala huruka hatua hiyo. Katika madarasa ya chini mtoto alikuja na vijiti vya kuhesabia vilivyofungwa kwa kamba, au vizibo vya soda ndani ya mfuko wa kitambaa, na alifinyanga ng'ombe, nyumba na hata herufi kwa udongo ulioletwa kutoka mtoni. Madarasa ya juu yalifuata malighafi ya mahali: panapolimwa mkonge watoto walisokota kamba za katani, penye minazi walichana chelewa za kufungia fagio, na Pwani walisuka ukindu na miyaa, yaani majani ya minyaa yaliyochanwa nyembamba. Mimi nilisoma Pwani, na kazi ninayoweza kuieleza bila kubahatisha ni mkeka.

Mkeka hausukwi mzima. Kwanza husukwa ukili, yaani utepe mrefu, kisha ukili huo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka upatikane upana unaotakiwa. Idadi ya miyaa inayoanza nayo ndiyo inayoamua upana wa ukili na nakshi yake, na anayepoteza uzi mmoja katikati huliona kosa lake likitembea hadi mwisho wa kazi. Ukili hupimwa kwa pima, na pima moja ni dhiraa 4, karibu mita 1.8. Mwalimu aliyetufundisha hakuturuhusu kuanza kabla ya kujibu swali moja: mkeka wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, ukishonwa kwa ukili wenye upana wa sentimita 10, unahitaji ukili wa urefu gani? Jibu ni mita 20, yaani takriban pima 11, na kulifikia jibu hilo kulitutaka tuelewe eneo, mgawanyo na ubadilishaji wa vipimo kabla hatujajua kwamba mambo hayo yana majina katika kitabu cha Hisabati. Kila ninaposikia kazi za mikono zikielezwa kuwa mapumziko ya akili, hulikumbuka swali lile. Hakukuwa na mapumziko yoyote.

Hata hivyo, wazazi wengi wa vizazi vilivyotutangulia hawakuzipenda kazi hizi, na si haki kuwahesabu kuwa watu wasioelewa. Mwaka 1909 ripoti ya J. Nelson Fraser, iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali ya kikoloni iliyotawala Kenya, ilipendekeza elimu ya Waafrika ielekezwe kwenye ufundi. Mwaka 1924 Tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizunguka Afrika Mashariki na kusisitiza elimu inayolingana na maisha ya kijijini: kilimo, afya, ufundi mdogo mdogo. Pale Malangali, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, W. B. Mumford, ofisa elimu wa kikoloni, alianzisha mwaka 1928 shule iliyojaribu kujengwa juu ya mila za wenyeji. Yalikuwamo mawazo mazuri katika hayo yote. Lakini mzazi aliyeyatazama aliona kwamba ngazi ya kupandia ukarani, ualimu na utawala ilikuwa kusoma, kuandika na kujua Kiingereza, na kwamba mwanawe alikuwa akipewa jembe ambalo tayari lilikuwepo nyumbani. Katika nchi ambako shule zilitenganishwa kwa rangi, kumwambia mtoto wa Kiafrika kwamba elimu inayomfaa ni ya mikono kulikuwa ni kumwonyesha mahali alipotengewa. Shule huru za Wakikuyu wa Kenya, zilizoendeshwa na jamii yenyewe nje ya misheni na zilizoenea katika miaka ya 1930, zilitokana kwa sehemu na kiu ya elimu ya kitabu, na mashaka hayo hayakufutika uhuru ulipopatikana.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, unapaswa kusomwa kama jibu kwa historia hiyo. Hoja yake haikuwa kwamba mtoto afanye kazi badala ya kusoma. Ilikuwa kwamba shule iwe jamii inayojilisha, ambamo wanafunzi wanashiriki kuamua nini kilimwe, wanatunza hesabu za kazi yao na wanaona faida yake. Sehemu hiyo ya uamuzi na hesabu ndiyo iliyotofautisha shamba la shule ya nchi huru na shamba la mkoloni, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuachwa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mbio za kuwaingiza watoto wote shuleni kufikia mwaka 1977, madarasa yalijaa, walimu wengi waliandaliwa kwa haraka, na kilichobaki mikononi mwa shule nyingi kilikuwa jembe bila lile daftari la mapato.

Matokeo yake tuliyaona. Kulikuwa na shule ambazo wanafunzi walichota maji ya nyumbani kwa walimu, walibeba matofali na kupalilia mashamba yasiyo ya shule, na yote hayo yaliitwa kujitegemea. Baya zaidi, kwa mtazamo wangu, lilikuwa kuigeuza kazi kuwa adhabu. Jembe lililokuwa chombo cha somo siku ya Jumanne likawa, siku ya Jumatano, malipo ya kuchelewa namba, yaani kuhesabiwa asubuhi, na mtoto mwenye akili timamu hawezi kuiheshimu kazi ambayo watu wazima wake wanaitumia kumwadhibu. Kuhusu mgawanyo wa wavulana kwenye useremala na wasichana kwenye ufumaji na Sayansikimu (sayansi ya nyumbani), sioni cha kuutetea: uliwanyima wote nusu ya ujuzi.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) ulipoanza mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, masomo ya sanaa na kazi za mikono, sayansi ya nyumbani na kilimo yalipewa uzito, na mtihani ukayapa heshima ambayo mahubiri hayakuweza kuyapa. Lakini mtihani nao una njia zake. Karatasi humwuliza mtoto aeleze hatua za kusuka kikapu, wala haimtaki akisuke. Na kikapu kilipotakiwa kuletwa shuleni, wazazi wenye uwezo walikinunua sokoni na mtoto akakileta kwa jina lake. Masomo hayo yalipoondolewa katika orodha ya yanayotahiniwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vipindi vyake katika shule nyingi vilimezwa na Hisabati na Kiingereza. Tanzania nayo, katika miaka ya karibuni, stadi za kazi zilipangwa pamoja na Maarifa ya Jamii katika karatasi moja ya darasa la saba, na ujuzi wa vidole ukawa jambo la kukariri. Kwa hiyo anayesema kazi za mikono zitahiniwe ana hoja, na anayesema mtihani huziua ana hoja pia, na sijaona nchi yetu yoyote iliyokwisha kulifumbua fumbo hilo.

Ipo hoja nyingine ambayo husemwa siku hizi kwa nguvu: mkeka wa plastiki kutoka kiwandani umeushinda bei mkeka wa ukindu, basi mtoto afundishwe ukili wa nini? Ninaielewa, lakini inaipima kazi kwa soko peke yake. Swali la pima 11 halikuwa swali la soko. Mtoto aliyeshona ukili akagundua kwamba mkeka wake umepinda, akafumua na kuanza upya, amejifunza kukagua kazi yake mwenyewe, jambo ambalo daftari lenye alama nyekundu za mwalimu halimfundishi kwa urahisi, kwa sababu huko kosa huonwa na mwingine.

Kikwazo ninachokiona kikubwa zaidi ni cha hesabu za kawaida. Kipindi cha dakika 40, katika darasa lililovuka mbali kiwango cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, hakitoshi hata kugawa miyaa. Hapo ndipo mzigo huhamia nyumbani, na wazazi wa Kenya wamekwisha kulalamika juu ya vifaa vya kununua na kazi za watoto zinazoishia kufanywa na mama usiku. Wakati huo huo, wanawake wanaosuka mikeka wanakaa hatua chache kutoka kwenye milango ya shule za Pwani, wanaijua kazi kuliko mwalimu yeyote wa chuo, na hakuna fungu katika bajeti ya shule linalowaita darasani na kuwalipa kwa saa mbili za wiki. Ningependa wanaosimamia mtaala mpya waliweke fungu hilo, na waseme wazi mkeka utakaosukwa humo utakuwa wa nani.