Anayepima Umri Awepo Shimoni

Mwaka 2021, habari za Mtoto wa pango la Panga ya Saidi, Kenya, zilipotoka kwenye jarida la sayansi la Nature, wengi tulishika umri tu: miaka 78,000. Kaburi kongwe kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana barani Afrika, na liko Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini. Mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani, kichwa kimeegeshwa juu ya kitu ambacho kimeshaoza, na dalili kwamba mwili ulifungwa sanda ya aina fulani. Watu walihuzunika, wakajivunia, kesho yake wakahamia habari nyingine.

Mimi kilichonivutia ni ratiba yake. Uchimbaji wa pango lile ulianza 2010. Vipande vya kwanza vya mifupa vilionekana 2013. Shimo lenyewe, takriban mita tatu chini ya sakafu ya sasa ya pango, lilifunuliwa vizuri 2017. Makala ikatoka 2021. Katika miaka yote hiyo, uamuzi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa kuacha kuchimba. Mifupa ilikuwa laini mno, ukiigusa inageuka vumbi. Basi timu ikalizungushia plasta bonge zima la udongo, ikalinyanyua kama lilivyo na kulipeleka Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kutoka hapo likasafiri hadi kituo cha utafiti wa mabadiliko ya binadamu, CENIEH, mjini Burgos, Hispania. Na wakati linatolewa pangoni, hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba ndani yake kuna binadamu. Meno mawili yaliyojitokeza baadaye, bonge likiwa tayari mikononi mwa wataalamu, ndiyo yaliyowafanya washuku.

Mchimbaji mwenye haraka angepata nini pale? Vumbi jeupe na maelezo mafupi kwenye daftari.

Ndiyo maana naona tunapozungumzia safari za binadamu wa kale tunasifu mambo nusu. Tunamsifu aliyeona mfupa, tunamsifu mwenye mashine, lakini ile kazi ya kuwaunganisha, ya kuamua nani awepo shimoni siku gani na nini kisiguswe mpaka nani afike, hatuihesabu kama sayansi. Tunaiona ni mambo ya ofisi, wakati matokeo yanapatikana au yanapotea papo hapo.

Chukua suala la umri. Kipimo cha umri kwa kaboni ya mionzi kinafika kama miaka 50,000 hivi, halafu kinaishiwa. Mtoto yuko mbali zaidi ya hapo. Umri wake ulipatikana kwa kupima nishati iliyojikusanya ndani ya punje za mchanga tangu mara ya mwisho zilipoona jua. Njia hiyo ina masharti makali. Sampuli huchukuliwa bila kuachia mwanga: ama usiku, ama chini ya turubai, au kwa kugongomea bomba ndani ya ukuta wa mtaro na kuziba ncha zake mara moja. Na mionzi ya asili ya udongo ule inatakiwa ijulikane, na mahali pazuri pa kuipima ni palepale punje zilipokaa. Mtaalamu wa vipimo hivi akiletewa mfuko wa mchanga uliokaa juani kwenye meza ya kambi, hana cha kufanya nao. Kwa hiyo mtu wa maabara anatakiwa awe na nafasi kwenye gari la kwanza la msafara, hata kama maana yake ni kupunguza vibarua wa chekecheke.

Sisi Tanzania tunajua gharama ya kutokufanya hivyo. Mtafiti Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichimba sehemu za Ziwa Eyasi miaka ya 1930, pamoja na jabali la Mumba, na mengi aliyoyapata yakaishia Ujerumani. Aliondoa udongo mwingi kwa vipimo vya zama zake, na udongo ulioondolewa haurudi ukutani. Siwezi kumlaumu kwa kutojua mbinu ambazo hazikuwepo. Nawalaumu wa leo, wenye mbinu hizo, wanaochimba hadi mwamba bila kubakiza hata pembe moja ya mtaro kwa ajili ya watakaokuja.

Ukitaka mfano wa kutia moyo, tazama jabali la Kisese II, Kondoa. Mwanaakiolojia Ray Inskeep alipachimba 1956. Miongo sita baadaye watafiti wakarudi kwenye makusanyo yale yaliyohifadhiwa makumbusho, wakapima upya vipande vya maganda ya mayai ya mbuni, na kumbe mfuatano wa tabaka zile unarudi nyuma zaidi ya miaka 40,000. Hakukuwa na mtaro mpya uliohitajika kwa hilo. Kulihitajika masanduku yaliyoandikwa kina cha kila kitu na makumbusho ambayo hayakuyatupa. Mtunza stoo wa miaka ya 1960, ambaye jina lake halimo kwenye makala yoyote, alikuwa sehemu ya timu hiyo.

Maganda hayohayo ya mbuni yana kisa kingine. Mwaka 2022, watafiti Jennifer Miller na Yiming Wang walichapisha ulinganisho wa shanga za maganda hayo zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika. Waliona kwamba miaka kama 50,000 iliyopita watu waliotengana kwa zaidi ya kilomita 3,000 walitengeneza shanga zinazofanana sana, na kwamba mfanano huo ulikatika yapata miaka 33,000 iliyopita. Tafakari kazi iliyomo humo. Kipenyo, upana wa tundu, unene, vyote vipimwe kwa namna moja kwa vitu vilivyochimbwa na watu mbalimbali, nchi mbalimbali, nyakati mbalimbali. Misafara mingi kila mmoja una fomu yake na kanuni yake ya kuita zana za mawe majina. Halafu tunashangaa kwa nini ramani ya nani alikwenda wapi ina mapengo.

Vinasaba navyo vimeleta ugomvi wake. Joto la kwetu linaviharibu. Ulaya na Siberia wamepata vya binadamu wa aina yetu wa miaka 45,000 hivi, ilhali huku kusini mwa Sahara, utafiti uliochapishwa 2022 kutokana na mabaki ya Tanzania, Malawi na Zambia ulifika miaka 18,000 tu, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Tena ili kuvipata mara nyingi unatoboa mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, na unga ukishatoka haurudishiki. Mwaka mmoja kabla, 2021, wataalamu 64 kutoka nchi 31 walichapisha miongozo mitano: kufuata sheria za mahali mabaki yanapotoka, kuwa na mpango kabla ya kuanza, kupunguza uharibifu, kuweka data wazi, kuwashirikisha wahusika wengine. Maneno mazuri. Ila mpango unaoandikwa na mwenye ruzuku, ukatumwa huku usainiwe wiki mbili kabla ya ndege, siuiti ushirikiano. Naamini mratibu wa utafiti wa namna hii anapaswa kuwa taasisi inayobaki na mabaki, yaani makumbusho au idara ya mambo ya kale, ikiwa na fungu lake ndani ya bajeti, na ikiwa na haki ya kusema hapana, mfupa huu hautobolewi mwaka huu.

Nasikia watu wakisema kila nchi ijenge maabara yake. Sikubaliani. Mashine za vinasaba na za kupiga picha za ndani ya mfupa zinataka umeme usioyumba, vipuri, na mafundi wanaolipwa hata mwaka usio na ruzuku. Afrika Mashariki ikiwa na maabara moja ya pamoja inayofanya kazi kweli, ni bora kuliko majengo sita yenye vibao vizuri na vumbi juu ya mashine. (Najua, tutagombana miaka kumi jengo likae mji gani.) Mpaka hapo bonge la plasta litaendelea kupanda ndege, na sioni aibu katika hilo, mradi mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam apande nalo na arudi akiwa anajua kulifungua.

Ng'ambo ya Bahari ya Shamu kuna funzo la mpangilio. Michael Petraglia, mmoja wa walioongoza kazi ya Panga ya Saidi, ndiye pia aliyeongoza utafiti mrefu wa Uarabuni pamoja na mamlaka za Saudia. Kule walianza na picha za satelaiti, wakitafuta vitanda vya maziwa yaliyokauka jangwani, wanajiolojia wakatangulia, ndipo wakaja wachimbaji. Huko Al Wusta wakapata mfupa mmoja wa kidole cha binadamu, wa kati ya miaka 85,000 na 90,000. Kidole kimoja tu, lakini kwa sababu ziwa lilikuwa limeshasomwa, kilikuja na hali yake ya hewa na wanyama wake.

Panga ya Saidi nako, wachunguzi wa udongo na mimea walipokaa meza moja na wachonga zana, picha ilibadilika. Watu walikaa pale zama kwa zama, kwenye mpaka wa msitu na nyika, bila kuitegemea sana bahari iliyokuwa karibu. Wale tuliozoea kuchora mshale mmoja mnene ukifuata pwani kutoka Afrika hadi Asia, pango hilo linatudai maelezo.

Bado kuna wenyeji. Mapango yale ni mahali pa matambiko kwa Wamijikenda, na ruhusa ya wazee haipaswi kutafutwa hema likiwa limeshasimama. Matokeo nayo yarudi kijijini, kwa Kiswahili, kabla au siku ileile yanapotoka kwenye jarida la Ulaya, na si baada ya miaka mitatu kwenye bango la wageni. Hili ni jambo la gharama ndogo: mtu mmoja, projekta, kurasa nne zilizoandikwa vizuri. Wanaotoa vibali Nairobi na Dodoma wanaweza kulifanya sharti kuanzia msimu ujao, pamoja na lile la kubakiza pembe ya mtaro bila kuchimbwa.