Nyuzi Zetu Ziwe za Kwetu

Uliza kwenye grupu lolote la wafugaji wa kuku chanjo ya kideri hurudiwa baada ya muda gani, na utajibiwa vizuri, pengine na daktari wa mifugo kabisa. Wiki ijayo mwingine atauliza swali lilelile. Kufikia mwisho wa mwaka yule daktari kachoka, hajibu tena, na majibu yake yamefukiwa chini ya picha za "asubuhi njema" mahali ambapo Google haifiki. Simlaumu mtu. WhatsApp ilitengenezwa kwa maongezi, sisi ndio tuliotaka iwe maktaba.

Naamini vyama vyetu, viwe vya wafugaji, walimu, mafundi simu au wanachama wa SACCOS, vinastahili kuwa na majukwaa yao wenyewe, na majukwaa hayo yaendeshwe kwa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi ya kiufundi yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Watetezi wengi wa programu huria huanza na bei: ni bure, kwa nini usichukue? Kwangu hiyo ni hoja dhaifu, kwa sababu jukwaa halijawahi kuwa bure. Kuna seva, yaani kompyuta ya kulihifadhi, kuna umeme, kuna mtu wa kukesha akifuta matangazo ya mikopo ya kitapeli. Ninachokitaka mimi ni haki ya kuhama na maandishi yetu yote.

Kwanza niwajibu wanaodai Mswahili hapendi kusoma mada ndefu. JamiiForums, jukwaa maarufu la Tanzania, imekuwa ikiwajibu tangu 2006, ilipoanza kwa jina la Jambo Forums. Mtu anashusha mada ndefu, wenyewe wanaiita uzi, anaikatisha katikati, na watu wanamsubiri mleta uzi arudi kumalizia huku wakibishana ukurasa baada ya ukurasa. Hamu ipo, tena kubwa. Ila hata JamiiForums huendeshwa kwa XenForo, ambayo ni programu ya majukwaa ya kulipia, na kuzaliwa kwa XenForo kuna funzo lake. Zamani aliyetamba alikuwa vBulletin, programu nyingine ya kulipia ya kuendeshea majukwaa. Kampuni ya Marekani, Internet Brands, ikainunua mwaka 2007. Baadhi ya watengenezaji wake wakuu hawakupatana na wenye mali wapya, wakaondoka, na mwaka 2010 wakatoa XenForo. Wakashtakiwa mwaka huohuo kwamba wamebeba kazi ya watu, na kesi ikaburuzwa hadi 2013.

Sasa tazama phpBB, programu huria ya majukwaa. James Atkinson aliianza mwaka 2000, akajitoa mwaka 2007, na kazi ikaendelea mikononi mwa wengine bila wakili hata mmoja kuvaa joho. Leseni ya GPL ilikwishasema tangu mwanzo kwamba yeyote anaruhusiwa kuuchukua msimbo, kuubadilisha na kuusambaza, mradi naye awaachie wengine uhuru uleule.

Reddit, mtandao wa Marekani wenye maelfu ya jumuiya za majadiliano, ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2008 waliuweka msimbo wao wazi, mwaka 2017 wakaacha kuutoa. Wakati huo lilionekana jambo dogo. Kisha ikaja 2023, kampuni ikapanga bei mpya kwa programu za nje zinazochota data zake. Mtengenezaji wa Apollo, programu iliyopendwa sana na wenye iPhone, alipiga hesabu akakuta angedaiwa takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Akaifunga mwisho wa Juni. Tarehe 12 mwezi huo maelfu ya jumuiya za Reddit zilikuwa zimejifungia kwa kugoma. Wasimamizi wake ni watu wa kujitolea, waliotunga kanuni na kulea wanachama kwa miaka mingi bila mshahara. Waliweza kugoma. Kubeba nyuzi zao, akaunti za wanachama wao na mipangilio yao wakaenda kuisimamisha jioni ileile kwenye seva nyingine, hilo hawakuliweza. Walikuwa wapangaji, na mwenye nyumba alilijua hilo.

Wengine walikimbilia Lemmy, programu huria iliyoanza mwaka 2019, ambayo huunganisha seva nyingi zenye wenyewe tofauti ili mtu wa seva hii achangie mada ya seva ile. Wazo zuri. Lakini sitaishauri kwa chama cha wafugaji wa Dodoma. Juni ileile ya 2023, seva iitwayo Beehaw ililazimika kujitenga na seva mbili kubwa, kwa kuwa wageni walifurika kuliko uwezo wa wasimamizi wake wachache, na zana za kuwadhibiti hazikutosha. Chama chenye watu mia tatu hakihitaji kuungana na dunia nzima. Kinahitaji kusikilizana chenyewe kwanza.

Ninayoipenda ni Discourse, programu huria ya majukwaa iliyotoka mwaka 2013, na sababu ni namna inavyogawa madaraka. Mgeni huanzia ngazi sifuri ya kuaminiwa: viungo anavyoweza kuweka vina kikomo, na hawezi kuwatumia watu ujumbe wa faragha. Ili apande ngazi ya kwanza, kwa mipangilio ya kawaida, lazima afungue mada 5, asome machapisho 30 na atumie angalau dakika 10 akisoma. Umeona hapo? Hapandishwi kwa kuandika sana, anapandishwa kwa kusoma. Anayerudi siku baada ya siku huongezewa mamlaka kidogo kidogo, hadi wanachama wa kudumu wanaweza kurekebisha vichwa vya mada na kuzihamishia zinakostahili. Mwenye jukwaa anaweza kuzibadilisha namba hizo zote. Mimi nimezoea magrupu ambamo admini akinuna saa sita usiku watu watatu wanaamkia nje, kwa hiyo utaratibu ulioandikwa, unaoonekana na kila mtu, ni maendeleo makubwa.

Ina taabu zake. Inataka seva yenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti moja, inataka anayeelewa Docker (zana ya kusimamishia programu kwenye seva), na inataka barua pepe zifike, jambo ambalo huwatoa jasho hata mafundi wazoefu. Tafsiri yake ya Kiswahili ipo, ila utakutana na Kiingereza hapa na pale. Kama hamna fundi, anzeni na phpBB. Hukaa kwenye hosting (nafasi ya kukodi kwenye seva) ya bei ya chini yenye PHP na MySQL. Sura yake ni ya kizee. Itawahifadhia maneno yenu vilevile.

Msimbo huria hautawakinga na dola. Juni 2018 JamiiForums ilisimama kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania, zilizodai leseni ya mamilioni ya shilingi, na mapema zaidi, Desemba 2016, mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa baada ya mvutano na polisi waliotaka taarifa za wachangiaji. Hapo programu huria inasaidia kwa jambo moja tu: unaweza kuona inaandika nini kuhusu watu wako. Nyingi huhifadhi anwani ya IP (namba ya mtandao aliotumia) ya kila anayechangia. Ukiwa na msimbo mkononi unaweza kuamua ikae kwa muda gani, au isiandikwe kabisa pale sheria inaporuhusu, na ambacho hukukihifadhi hakuna wa kukidai.

Kuna mahali ambapo vyama hujikwaa hata baada ya kuchagua vizuri, nako ni kwenye jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti ambayo watu huiandika ili kuifungua. Fundi analisajili kwa jina lake na namba yake ya simu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta siku hiyo. Siku mkikosana mtakuwa na msimbo, mtakuwa na nakala ya hifadhidata, na wanachama wenu wote wataendelea kufungua anwani ambayo si yenu. Lisajiliwe kwa jina la chama, nywila zishikwe na watu wawili, na kabla ya kumwalika mwanachama wa kwanza mchukue nakala ya jukwaa zima mkaisimamishe kwenye seva nyingine muone kama inafunguka. Ikigoma, hamjawa tayari kufungua.